Zinavyolala Juu ya Shaba

Jumatatu, 5 Julai 1999

Maji yamerudi alfajiri. Nimejaza mapipa mawili na ndoo zote. Baridi kali. Baada ya chai nimesahihisha kumbukumbu za mkutano wa akina mama wa kanisa. Makosa kumi na saba katika kurasa mbili, na katibu amemaliza kidato cha nne. Aibu.

Nafula ameamka saa tatu. Ni wiki moja tangu aje likizo kutoka ng'ambo, na bado analala kama mgonjwa. Amekonda. Kasha lake la picha liko chini ya kitanda, halijafunguliwa. Mwaka jana alilifungua hata kabla ya kuvua koti. Sijamuuliza. Mtu mzima husema akiwa tayari.

Jumanne, 6 Julai

Amesema. Tulikuwa tukichambua maharagwe. "Mama, mimi sirudi." Ndege ni Jumamosi ya tarehe ishirini na nne. Hataipanda. Amebakiza mwaka mmoja tu wa shahada ya uzamifu, na anauacha. Profesa wake amemwambia hana uangalifu. Hakueleza zaidi.

Nilimwambia afikiri vizuri. Hayo ndiyo niliyotamka. Niliyohisi yalikuwa mengine. Nilifurahi. Ni miaka sita tangu baba yake afariki, mitatu tangu yeye aondoke, na sina mtoto mwingine. Nyumba hii ya mtaa wa Olympic, Kibera, ina vyumba vitatu na sauti moja. Naandika ili nisijidanganye: nilifurahi.

Jumatano, 7 Julai

Leo amefungua kasha. Nilimwomba anionyeshe anachokiacha. Nilitaka nijue jina lake tu, kama mtu anavyouliza jina la marehemu kabla ya mazishi.

Sikuwa tayari kwa nilichokiona.

Ni picha za shaba. Si shaba ya sufuria. Ni uso wa shaba, karibu sana, hadi atomu zenyewe. Hazikupigwa kwa mwanga. Kuna sindano ambayo ncha yake ni atomu moja. Inapita juu ya shaba bila kuigusa, ikihisi mabonde na vilima, safu baada ya safu, na mashine inachora inachohisi. Nilimuuliza mara tatu kama ni mchoro wa msanii. Hapana. Ndivyo ilivyo.

Shaba hiyo ina migongo na mifereji iliyonyooka, sawasawa na bati la paa. Juu yake anaweka asidi itokayo katika zabibu. Molekuli za asidi hiyo ni za mkono. Hivi ndivyo alivyonieleza: kuna molekuli ya kushoto na kuna ya kulia, kila kitu ni kilekile, lakini huwezi kuigeuza hii ikawa ile, kama usivyoweza kukigeuza kiatu cha kushoto kikaingia vizuri mguu wa kulia. Anazipasha moto, zinaruka kama mvuke, zinatua juu ya shaba. Zinatangatanga kidogo. Kisha zinajipanga.

Zinajipanga zenyewe. Safu ndefu, nafasi sawa, maelfu kwa maelfu. Na safu zote zinaegemea upande mmoja. Akitumia molekuli za mkono wa pili, safu zote zinaegemea upande wa pili. Aliweka picha mbili pamoja mezani. Moja ilikuwa kivuli cha nyingine kwenye kioo.

Nimesimamia gwaride la asubuhi shuleni kwa miaka thelathini na minne. Sijawahi kupata mistari kama ile, na wanafunzi wangu walikuwa na macho, masikio na hofu ya fimbo. Hizi hazina kitu. Kila moja inamgusa jirani yake tu. Hakuna kiranja.

Nimeshindwa kula chakula cha mchana. Sikumbuki mara ya mwisho kitu kuninyima njaa kwa sababu njema.

Alhamisi, 8 Julai

Nimekwenda Kawangware kwa miguu. Mwalimu Wambui, niliyemfundisha zamani, sasa ni mkuu wa shule ya wasichana pale. Mwalimu wake wa kemia ameondoka katikati ya muhula. Nilimweleza kuhusu Nafula. Alishika mkono wangu wote hadi kiwiko. "Mwalimu, mlete hata kesho!" Nilimwambia mambo hufanywa kwa utaratibu. Tumekubaliana: Nafula atafundisha kipindi kimoja Jumatano ijayo mbele ya kidato cha tatu. Wakiridhika, atapewa barua ya kazi siku hiyohiyo na kuirudisha ikiwa na sahihi Ijumaa.

Nimerudi nikiwa mwepesi. Nafula amesema sawa. Hakufurahi, hakukataa. Amesema atawafundisha kuhusu mkono wa molekuli, kwa kuwa hicho ndicho kitu pekee anachokijua vizuri.

Ijumaa, 9 Julai

Kuna picha ya tatu. Alikuwa ameificha chini ya nguo. Ameileta leo jioni tukinywa uji.

Profesa alimpa molekuli nyingine, bapa kama karatasi. Hii haina mkono. Si ya kushoto wala ya kulia. Kwa hiyo walitarajia safu zisizoegemea popote. Kumbe picha ina viraka. Kiraka kimoja kimeegemea kushoto chote. Kilicho kando yake kimeegemea kulia chote. Mpaka baina yao ni mwembamba, kama wa mashamba mawili.

Profesa alisema chupa imechafuka. Kwamba Nafula hakusafisha vyombo baada ya kazi ya asidi ya zabibu, na sasa kushoto na kulia vimechanganyika humo ndani. Amesafisha. Amebadilisha chupa. Amebadilisha shaba. Miezi miwili. Viraka vinarudi. Kabla ya likizo profesa alimwandikia barua fupi: aeleze kosa lake au aitupe kazi hiyo ya mwaka mzima.

Nimeisoma barua. Kiingereza safi, moyo hamna.

"Labda ni kweli, Mama," amesema. "Labda mikono yangu ni michafu." Huyu ni mtoto aliyekuwa akiosha ubao wake wa kuandikia pande zote mbili. Nimekasirika sana.

Picha hiyo nayo ni nzuri. Sikumwambia.

Jumamosi, 10 Julai

Nimekwenda Laini Saba kwa Ouma, fundi wa bati kando ya reli. Ndiye aliyenitengenezea mabomba ya kukinga maji ya mvua. Nafula alikata kipimo cha kadibodi: mwili mrefu kama kidole, na mikia miwili mifupi, mmoja kila ncha, huu ukielekea upande mmoja na ule upande wa pili. Anataka vipande vya bati sitini vya umbo hilo. Kila kimoja kichomelewe kifundo cha waya juu, ili kikipinduka kisitulie hadi kirudi kifundo juu. Pia bati moja kuukuu la paa, lipondwe hadi mifereji yake ibaki ya kina kidogo. Hilo ndilo litakuwa shaba. Vipande ndivyo molekuli. Utatikisa bati na watoto waone vinavyojipanga.

Ouma alisoma karatasi ya maagizo, akacheka. "Mwalimu, hii ni mtego wa panya ama ni nini?"

"Ni kemia."

"Kemia ya bati! Sasa hiyo ndiyo ya kwetu."

"Bati hili, Ouma. Si 'hii bati'."

"Sijasema hivyo, Mwalimu."

"Ulikuwa karibu."

Nilikaa kwenye kibao nikamtazama akianza. Anatumia mabaki: madebe ya mafuta aliyoyakunjua na kunyoosha, vipande vya kona. Anaweka kipimo, anachora kwa msumari, anakata. Kona ikikataa, anapindua kipimo na kinaingia. Mkono wake hausiti. Sijaona kazi ya harakaharaka iliyo nadhifu vile. Vitakuwa tayari Jumatatu.

Jumapili, 11 Julai

Kanisa. Mahubiri marefu, yasiyo na mpangilio. Nilikuwa nikifikiria shaba.

Jumatatu, 12 Julai

Siku mbaya. Naiandika kwa mpangilio.

Nilileta vipande saa sita. Vimetengenezwa vizuri, vimesuguliwa kingo. Tuliweka bati uani juu ya viti viwili. Nafula alivimwaga vyote sitini. Tukalishika huku na huku na kulitikisa, taratibu, kama tunapepeta mahindi. Zilikuwa kelele tu. Kisha vikaanza kuingia kwenye mifereji. Kisha mkia wa hiki ukashika mkia wa kile. Niliona safu ikizaliwa. Kitu nilichokiona katika picha kilikuwa kikitendeka uani kwangu, karibu na kamba ya nguo.

Lakini Nafula aliacha kutikisa. Uso wake ulikuwa kijivu.

Upande wangu safu zilikuwa zimeegemea kushoto. Upande wake, kulia. Katikati, mpaka, na vipande vichache vilivyobaki peke yao bila mwenzi. Ilikuwa ile picha ya tatu.

Aliviokota kimoja kimoja. Kumi na tisa si vya mkono aliouchora. Aliingia chumbani, akasema kupitia mlango, bila kulia, kwamba hata bati limemkataa. Kwamba lazima aliharibu mchoro wake mwenyewe. Kwamba kokote anakogusa kuna uchafu.

Nilijua si yeye. Nilikuwa nimemwona Ouma kwa macho yangu akipindua kipimo. Niliinuka nimwambie. Kisha nikakaa.

Nilichukua ile kadibodi nikaiweka mezani. Kadibodi haina mkono. Ukiilaza hivi, unachora cha kushoto. Ukiilaza upande wa pili, unachora cha kulia. Kadibodi ni ileile. Mkono wake unapatikana pale inapolazwa.

Na molekuli ile ya tatu ni bapa kama karatasi. Alisema hivyo mwenyewe, Ijumaa.

Sijasoma kemia hata siku moja. Nilikaa pale nikiilaza na kuipindua. Haikuchafuka chupa. Hakuna aliyechanganya chochote. Kila molekuli inapotua juu ya shaba, lazima ilalie uso mmoja au mwingine. Ikishalala imekuwa ya kushoto au ya kulia, na shaba haiiachi tena ijipindue. Kisha zinatafutana. Za kushoto huku. Za kulia kule. Kitu kisichokuwa na upande kinaupata kwa kule kulala tu! Na kutokana na hapo, nchi mbili na mpaka.

Nililiona jambo hilo lote kwa mara moja, mimi, mwalimu wa lugha mstaafu, nikiwa na kadibodi mkononi. Sijui nilikaa muda gani.

Sikumwita. Nikimwambia, ataondoka.

Jumanne, 13 Julai

Sijamwambia.

Nimerudi kwa Ouma na vile kumi na tisa ili abadilishe. Amevipokea huku akibisha. "Mwalimu, kona kama hii utatupa? Unapindua kipimo tu, inaingia. Kila fundi hapa anafanya hivyo."

"Nilileta kipimo cha upande mmoja."

"Haiwezi. Karatasi haina kushoto wala kulia. Ni wewe unailaza."

Nilitamani ardhi inimeze. Maneno yaleyale, kwenye kinywa cha mtu ambaye hajui kuna swali. Nikamwomba radhi. Alishangaa. Sina desturi hiyo.

Nafula amepika ugali na mrenda jioni. Amenikandia miguu bila kuombwa. Nimekuwa mwongo ndani ya nyumba yangu, na nimekandwa miguu.

Jumatano, 14 Julai

Kipindi cha Kawangware. Nilikaa nyuma ya darasa. Wasichana hamsini na kitu, mikono kwenye mikono ya sweta kwa sababu ya baridi.

Nafula alianza vibaya. Sauti ndogo. Kisha akawaita mbele, bati likawekwa juu ya madawati mawili, wanne wakalishika pembe. Vipande vyote sasa ni vya mkono mmoja. Wakatikisa. Kelele. Kisha safu ya kwanza. Darasa zima likasogea mbele. Safu ya pili. Ya tatu. Zote zikaegemea kushoto.

"Manze, huo ni uchawi," mmoja akasema.

"Zii, ni sumaku. Wameweka sumaku chini."

"Si uiname uangalie, wewe na sumaku yako."

Yule wa sumaku aliinama kweli. Akatokea upande wa pili wa bati na vumbi magotini. "Hakuna kitu," alisema, na uso wake ulikuwa kama wangu ulivyokuwa Jumatano iliyopita. Sikusahihisha Kiswahili cha mtu yeyote.

Kisha Nafula akang'aa. Aliwaambia kwamba dawa nyingi mwilini zina mkono, kwamba mkono mmoja unaweza kutibu na wa pili usifanye kitu, au udhuru. Kwamba ukijua molekuli zinavyojipanga juu ya chuma, siku moja unaweza kutengeneza ule unaoutaka tu. Ana kipawa. Sikukijua. Nilidhani ni changu.

Yule wa sumaku akanyoosha mkono. "Mwalimu, na ile haina mkono? Hiyo inalala aje?"

Nafula alisimama na chaki mkononi. Nilimwona akitafuta. "Sijui," alisema. "Nilijaribu kujua. Nilishindwa." Akaketi kabla ya kengele.

Nilikuwa na jibu mfukoni. Niliketi nalo nyuma ya darasa.

Wambui alitoka na barua ya kazi tayari imepigwa chapa. "Mwalimu, huyu tusimwachilie." Tulitembea hadi nyumbani. Barua ilikuwa kwenye mkoba wake. Niliyoyataka yote yalikuwa kwenye mkoba wake.

Alhamisi, 15 Julai

Nimemwambia.

Asubuhi, kabla ya chai. Nililaza kadibodi mezani nikaizungushia mstari wa chaki. Nikaipindua, nikaizungushia tena kando yake. Nikamwambia: Ouma hakuchanganya, alipindua. Kipimo ni kimoja. Chupa yako ni safi. Tazama inavyolala.

Hakunitazama mimi. Alitazama meza. Aliinua kadibodi, akailaza. Akaipindua, akailaza. Alifanya hivyo labda mara kumi. Midomo yake ilikuwa ikisogea. Kisha akasema kwa sauti ya chini sana kwamba alikuwa akitafuta uchafu ndani ya chupa kwa miezi miwili, na hakuwahi kuuliza uso gani umelala chini. Akaweka viganja vyote viwili juu ya meza kana kwamba nyumba inatikisika.

Kisha akauliza: "Umejua lini?"

Ningeweza kusema leo. "Jumatatu," nilisema.

"Jumatatu." Alihesabu kwa vidole kama mtoto. "Siku tatu, Mama. Umekaa darasani ukanisikia nikisema nimeshindwa."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilitaka ubaki."

Alitoka nje. Sikumfuata. Niliosha vyombo visivyo vichafu. Alirudi baada ya saa moja, amelowa manyunyu, hajasema amenisamehe. Alisema, "Nisaidie kushika bati." Tulichanganya vipande tena: Ouma hakuwa amevitupa vile kumi na tisa, alinirudishia pamoja na vipya. Tukatikisa mpaka mikono ikaniuma. Viraka vilikuja. Tulivivuruga tukaanza upya. Vilikuja mahali pengine, umbo jingine, lakini vilikuja. Mara moja kimoja cha kulia kilinaswa katikati ya vya kushoto. Tuliendelea kutikisa. Kilihangaika, kikaachia, kikasafiri bati zima hadi kwa wenzake.

Tulipiga kelele, sote wawili, kama watoto. Jirani alichungulia juu ya ua. Nilisema ni kemia.

Ijumaa, 16 Julai

Barua ya kazi haikutiwa sahihi. Nimeirudisha mwenyewe Kawangware. Ilikuwa kazi yangu kuirudisha. Wambui alisikitika, nami sikumpa sababu za uongo. Nilisema binti yangu alikuwa amekosea kuhusu kosa lake.

Nafula amechora siku nzima. Anasema lazima ahesabu: ikiwa jambo ni hili, basi viraka vya kushoto na vya kulia viwe karibu sawa, kwa sababu molekuli inapotua haina sababu ya kupendelea uso wowote. Uchafu wa chupa usingeleta usawa huo. Ana picha ishirini za viraka kashani. Anapima kwa rula yangu.

Jumamosi, 17 Julai

Sawa. Karibu nusu kwa nusu. Si picha moja moja, lakini zikiwekwa pamoja zote, nusu kwa nusu.

Hajaniambia mengi leo zaidi ya hayo. Aliyasema akiwa amesimama mlangoni na rula, na nilielewa kwamba ameniambia mimi kwanza.

Jumatatu, 19 Julai

Ameandika kurasa nne kwa profesa na kuzituma kwa faksi mjini. Alinipa nizisome. Sentensi moja ilikuwa ndefu mno. Nilimwambia aikate. Hakuna neno la kujitetea. Mwishoni ameandika kwamba wazo lilitokana na fundi wa bati na mama yake. Nilimwambia aondoe mama. Alikataa. Nilimwambia basi fundi atangulie. Ndivyo alivyofanya.

Alhamisi, 22 Julai

Hakuna jibu. Nafula amekwisha funga sanduku hata hivyo. Anasema jibu lije au lisije, ataipanda ndege. Nilimuuliza kama bado amenikasirikia. Alifikiri. Alisema ndiyo, kidogo, asubuhi. Nashukuru kwa jibu la kweli.

Nimemshonea kifungo cha koti.

Jumamosi, 24 Julai

Ameondoka. Hakutaka nimsindikize hadi uwanja wa ndege. Akanishika mabega mlangoni, akanitazama machoni kwa muda. Nilimwambia ale. Gari lilikata kona.

Sikulia mpaka nilipoona chumba chake. Kisha nililia sana. Basi.

Jumapili, 8 Agosti

Amepiga simu kwa jirani saa kumi, baada ya kanisa. Nilikimbia, jambo lisilofaa kwa umri wangu. Laini ilikuwa na mwangwi.

Faksi ilifika. Profesa hakujibu kwa sababu hakuamini. Alipofika Nafula, profesa alikaa naye mbele ya mashine siku nne. Walianza na chupa mpya kabisa, profesa akaifungua kwa mikono yake. Viraka vikaja. Anasema profesa alitazama kioo cha mashine, kisha akamwomba kadibodi. Aliilaza na kuipindua mezani kwake mpaka watu wakaenda nyumbani. Kazi ya mwaka mzima haitatupwa. Itaandikwa, kwa jina lake.

Nilimuuliza kama anakula. Alisema ndiyo. Sauti ilisema hapana. Alisema, "Zipo sasa hivi, Mama. Mashine inaendelea. Zinalala nikiongea na wewe." Nilibana kisikizio sikioni kana kwamba ningezisikia. Maelfu kwa maelfu, bila sauti, kila moja ikiangukia uso wake, ikimtafuta jirani.

Laini ikakatika.

Jirani alikuwa amesimama na kitambaa cha vyombo. "Nafula anarudi lini?"

Nikasema ana kazi. Nikashukuru kwa simu, nikatembea nyumbani. Jua lilikuwa limetoka kidogo, na paa zote za Kibera, hadi kule chini mtoni, zilikuwa zikimeta.

Nimepika kikombe kimoja cha mchele. Umetosha.